Dima za taa zilizopo madukani: ipi ya kununua kwa balbu za LED, ipi ya kuacha

Ukiomba dima ya taa, kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, kwenye duka la vifaa vya umeme, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, itakayowekwa kaunta kwanza ni ile nyeupe ya kuzungusha, imeandikwa wati 400, 500 au 630, na bei yake haiumi. Iache hapo hapo kaunta. Si mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya balbu za uzi, zile za kioo zinazochoma mkono, na nyumba nyingi siku hizi hazina hata moja. Nyumba iliyofungwa taa za LED inataka dima inayokata mkia wa wimbi la umeme (nitaeleza chini), iliyoandikwa kiwango cha LED cha chini na cha juu, na yenye skrubu ya kurekebisha mwanga wa chini kabisa. Ni ghali zaidi, na ndiyo pekee kati ya hizi inayostahili pesa yako.

Sababu inaonekana ukiifungua ile ya bei rahisi ikiwa bado haijafungwa ukutani. Ndani kuna trayaki moja (swichi ya kielektroniki) iliyobanwa kwenye kipande cha bati cha kuipoza, dayaki ndogo ya kioo ya kuiamsha, kapasita inayohifadhi chaji, na potenshiomita, yaani kizuizi cha umeme kinachobadilika, iliyoshikana na kitufe unachozungusha. Basi. Umeme wetu ni volti 230 au 240 kwa hezi 50, kwa hiyo kila sekunde hupita nusu-wimbi 100, kila moja ikichukua milisekunde 10. Kuzungusha kitufe ni kubadilisha kasi ya kapasita kujaa. Ikifika kama volti 30 na ushei, dayaki inapitisha, trayaki inafunguka kama mlango, na umeme unakwenda kwenye taa mpaka nusu-wimbi hiyo iishe. Ukitaka mwanga hafifu, trayaki inacheleweshwa. Kinachokatwa, basi, ni mwanzo wa kila wimbi, na ndiyo maana kwenye pakiti au karatasi ya maelezo huandikwa “leading edge”.

Balbu ya uzi haina habari na mambo hayo. Uzi ukishakuwa mwekundu haupoi ndani ya milisekunde chache. LED ni kitu kingine kabisa, kwa sababu kati ya waya na vidonge vya mwanga kuna draiva, saketi inayovilisha umeme, na mlangoni mwa draiva mara nyingi kuna kapasita. Katikati ya nusu-wimbi volti huwa zimepanda hadi 325. Trayaki ikifunguka hapo, kapasita ile inajazwa kwa kishindo, na kishindo hicho kinarudiwa mara 100 kwa sekunde. Mvumo unaousikia kwenye balbu usiku nyumba ikiwa kimya unatoka hapo, na draiva kuchoka mapema pia kunatoka hapo.

Kisha kuna tatizo la mzigo mdogo. Trayaki ikishafunguka inahitaji mkondo fulani ili ibaki imefunguka. BTA16 ya daraja B, ambayo ni trayaki ya kawaida kwenye dima, yaweza kudai hadi miliampea 50. Balbu ya LED ya wati 5 kwa volti 230 ni kama miliampea 22 kwa hesabu ya haraka. Trayaki inafunguka, haipati cha kuishikilia, inajifunga, inajaribu tena. Wewe unaona taa inachezacheza. Watu hurudisha balbu dukani wakidhani ni feki, wanapewa nyingine, nayo inacheza vile vile. Dima nyingi za aina hii zinataka angalau wati 40 au 60 ili zitulie, na sebule nzima ya LED huenda isifike hapo.

Ajabu ni kwamba kwa upande wa juu nako zinadanganya. Ile “500 W” ni wati za balbu za uzi. Kwa LED, mafundi hushika asilimia 10 tu ya namba hiyo, kwa sababu ya kile kishindo cha kujaa kwa kapasita. Dima ya wati 400 ihesabu kuwa ya wati 40 za LED. Ukiweka hili pamoja na lile la kima cha chini, utaona kwamba dima yenye kima cha chini cha wati 40 na kikomo cha LED cha wati 40 haina nafasi iliyobaki ya kufanyia kazi.

Kitu kingine cha kukagua humo ndani ni koili, waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cheusi. Kazi yake ni kulainisha ule mkato ili kelele zisitoke nje. Watengenezaji wanaobana gharama huiondoa kwanza. Dima isiyo na koili utaitambua kwa redio ya AM: ukipunguza mwanga, stesheni inazama kwenye mkwaruzo.

Inafaa wapi basi? Kwenye balbu za uzi, halojeni za volti 230, na zile taa za zamani za volti 12 zenye transfoma nzito ya chuma. Ikifa, mara nyingi trayaki huwa imeungana moja kwa moja: taa inabaki kuwaka kwa nguvu zote hata ukizungusha kitufe mpaka uchoke. Balbu ya uzi inapokatika kwa cheche ndiyo huiua namna hiyo. Kubadilisha trayaki kunawezekana, ila kwa bei ya dima hiyo hakuna fundi atakayekaa kulehemu kwa ajili yake.

Ya kununua

Dima inayokata mkia wa wimbi, “trailing edge” kwenye pakiti, haitumii trayaki. Hutumia transista mbili ambazo hufungua umeme volti zikiwa sifuri, zikauacha upande taratibu pamoja na wimbi, kisha zikaukata mwishoni. Kapasita ya draiva inajaa polepole kadiri wimbi linavyopanda, hakuna kishindo, mvumo unapungua sana au unaisha kabisa. Nyingi huwasha taa kwa kuipandisha taratibu kwa sekunde moja hivi badala ya kuipiga ghafla.

Kabla ya kulipa, geuza dima usome mgongo wake. Herufi R, L na C ndizo muhimu kuliko picha yoyote iliyo kwenye pakiti. R ni mzigo wa balbu za uzi na halojeni. L ni wenye koili, yaani transfoma za chuma. C ni wenye kapasita mlangoni, kama transfoma za kielektroniki na draiva nyingi za LED. Dima ya mwanzo wa wimbi huwa na R,L. Ya mkia wa wimbi R,C. Ya zote mbili R,L,C, na hii ya mwisho huweza kubadilishwa hali kwa swichi ndogo ya pembeni au kwa kubonyeza kitufe kwa mpangilio ulioelezwa kwenye karatasi yake. Usifunge ya R,C kwenye transfoma ya chuma. Koili inapokatiwa umeme katikati ya njia hutupa volti kubwa kinyume, na transista zinakufa.

Baada ya herufi, tafuta mstari wa LED. Ukikuta imeandikwa mfano LED 5–100 W, jumlisha wati halisi za balbu zako. Usitumie zile za “sawa na wati 60” zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Sebule yenye taa sita za jipsamu za wati 7 ni wati 42, imekaa katikati, safi. Chumba chenye balbu moja ya wati 4 kiko chini ya kima, na kitakusumbua hata kwa dima nzuri. Watengenezaji wengine huweka pia kikomo cha idadi ya balbu, tuseme 10, bila kujali wati, kwa sababu kila draiva ina mkupuo wake wa kuanzia. Dima ambayo haina mstari wa LED kabisa, hata muuzaji akiapa, ichukulie kuwa ni ya balbu za uzi.

Ubora mwingine unaotenganisha nzuri na ya kawaida ni ile skrubu ya kurekebisha mwanga wa chini. Kwa kawaida iko chini ya kitufe, unakivuta kitufe kinatoka, unaiona, nayo hupigwa kwa bisibisi dogo lenye mpini wa plastiki. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: washa taa, zungusha kitufe hadi chini kabisa, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo kuelekea juu mpaka balbu zote ziwe zimewaka na hakuna inayocheza. Ziache zipate moto kama dakika kumi, kwa sababu draiva ikishapata joto tabia hubadilika kidogo. Halafu zima, subiri, washa tena kitufe kikiwa bado chini. Balbu moja ikikataa kuwaka au ikichelewa kuliko wenzake, ongeza robo mzunguko. Sehemu kubwa ya malalamiko ya “dima hii mbaya” ni dima ambayo hakuna aliyeigusa skrubu hiyo. Zingine hazina skrubu, zinarekebishwa kwa kubonyeza kitufe na kushikilia. Soma karatasi, usibahatishe.

Usitarajie nusu ya kitufe iwe nusu ya mwanga. Jicho halihesabu sawa na mita: mwanga ukishushwa hadi robo, macho yanauona kama nusu. Dima nzuri imepangwa kufuata jicho, na unahisi tofauti ukizungusha: badiliko limesambaa kote, haliruki lote kwenye sentimita ya mwisho.

Balbu kwanza

Dima bora haiwezi kuokoa balbu isiyokubali kupunguzwa. Pakiti lazima iseme “dimmable”. Isiposema, chukua kwamba haikubali. Draiva ya balbu ya kawaida imetengenezwa kushikilia mwanga ule ule hata volti zikiyumba, sifa tunayoipenda sana siku umeme ukiwa mdogo. Ukiipunguzia kwa dima inahangaika kufidia, mwanga unabaki vile vile mpaka ghafla unashindwa, inaanza kumemeta huku ndani ikipata joto. Kuna balbu za bei ndogo zisizo na kapasita ya maana ambazo hupungua kiasi ukizijaribu. Hilo lisikudanganye, maana kumemeta kwake huonekana wazi ukizitazama kwa kamera ya simu.

Balbu za chaji, zile zinazobaki zinawaka umeme ukikatika, zisikaribie dima kamwe. Zina saketi inayopima kama umeme upo, na zinahitaji volti kamili ili betri ijae. Wimbi lililokatwa linazichanganya zote mbili. Hali kadhalika balbu za gesi za kuokoa umeme na taa za tyubu.

Rangi nayo iangalie. Madukani kwetu balbu nyingi ni za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe ya kibuluu. Ukizipunguza, chumba hakipati utulivu wowote; kinakuwa cha kijivu kama mawingu ya mvua. Balbu ya uzi ikipunguzwa hugeuka ya dhahabu, LED ya kawaida haibadiliki rangi. Kama lengo ni sebule yenye mwanga wa jioni, nunua kelvini 2700 au 3000. Philips wana balbu wanazoziita WarmGlow ambazo hushuka kutoka 2700 hadi 2200 kadiri unavyozipunguza, na hizo ndizo zinazokaribia sana ile ya zamani. Wana pia SceneSwitch, ambazo hazihitaji dima: unazima na kuwasha swichi ya kawaida ndipo zinahama kati ya viwango vitatu. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta, SceneSwitch ni jibu zuri kuliko dima yoyote.

Balbu zote za dima moja ziwe za aina moja na toleo moja. Ukichanganya, moja inazima mapema wakati nyingine bado inang’aa, na hakuna skrubu itakayozipatanisha.

Kufunga, na mahali kazi inapoharibika

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Hata hivyo mwenye nyumba akijua yafuatayo hatauziwa kitu kisichoingia.

Boksi la swichi. Bamba la dima la mtindo wa Kiingereza ni lile lile la milimita 86 kwa 86, lakini mgongo wake ni mnene kuliko swichi. Boksi la chuma la kina cha milimita 16 halitoshi, la 25 linabana, la 35 linakaa vizuri. Fundi akilazimisha, waya zinapondwa nyuma ya dima, na ile hewa kidogo ya kupoza inakwisha. Dima kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Bamba likikufanya uondoe mkono, mzigo umezidi au hewa haipo. Kwenye bamba lenye dima mbili au tatu pamoja, kikomo cha kila moja hushuka, na karatasi ya mtengenezaji husema kwa kiasi gani.

Nyutro. Ni waya wa kurudisha umeme. Nyumba nyingi zimefungwa waya kiasi kwamba kwenye swichi hushuka laivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kurudi kwenye taa tu. Zilizofungwa zamani utaona mwekundu na mweusi, na watu hudhani ule mweusi ni nyutro. Sio. Huo ndio unaokwenda kwenye taa, na swichi ikiwashwa una umeme kamili. Dima ya kuzungusha ya waya mbili haihitaji nyutro, kwa hiyo haina shida. Za kugusa na za simu nyingi zinaihitaji. Hakikisha kabla ya kununua, kwa sababu kushusha nyutro baada ya plasta na rangi ni kupasua ukuta.

Taa inayowashwa kutoka sehemu mbili, kama ya ngazi au korido: dima inawekwa upande mmoja tu, upande wa pili inabaki swichi ya kawaida ya njia mbili. Dima mbili za kuzungusha kwenye taa moja hazielewani.

Kabla ya kuondoa swichi ya zamani, zima breka ya taa, jaribu kwa testa kwenye waya zote mbili, na upige picha ya mpangilio kwa simu. Usiamini kitufe cha dima kuwa kimezima umeme unapobadilisha balbu. Za kugusa nyingi hazina mkato wa kweli ndani, huzima kwa kielektroniki tu. Hizo hizo, zile zisizotumia nyutro, ndizo husababisha LED kubaki na mwanga hafifu usiku ingawa umezima. Mkondo mdogo unaoiwezesha dima kuishi unapita ndani ya taa. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupitisha mkondo huo, kinachouzwa kwa jina la “bypass”, kinafungwa kwenye taa kati ya laivu na nyutro, si kwenye swichi.

Taa zikicheza baada ya kila kitu kufungwa sawasawa, kuna kipimo cha haraka: ondoa LED moja, weka balbu ya uzi ya wati 40. Zikitulia zote, mzigo ulikuwa mdogo kwa dima hiyo. Zisipotulia, tafuta waya uliolegea, au balbu zenyewe.

Usiyopaswa kuyajaribu

Regulata ya feni si dima. Ile ya hatua tano mara nyingi hupunguza kwa kapasita, na LED ikifungwa humo ama haibadiliki, ama inarukaruka. Kinyume chake nacho ni kibaya: dima ya mkia wa wimbi kwenye feni ni ile habari ya koili tuliyoitaja, na ya trayaki huifanya feni iungurume na ipate moto.

Inverta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini huvuruga dima zote, kwa kuwa dima hutegemea kuona wimbi linapita sifuri kwa utaratibu. Taa zikimemeta pale tu mnapokuwa kwenye betri au jenereta inayoyumba, dima haina kosa. Ipandishe mpaka mwisho hadi umeme urudi. Kwa nyumba ya sola, wimbi laini ni sharti.

Anayeletewa dima na ndugu kutoka Marekani aangalie volti kwanza. Za huko ni za volti 120 kwa hezi 60, na hata bamba haliingii kwenye boksi letu la mraba. Zinazotoka Uingereza zinaingia bila marekebisho.

Stripu za LED za volti 12 au 24 zina njia yao. Dima ya ukutani inafanya kazi tu kama adapta yake imeandikwa kuwa inapunguzika upande wa volti 230; adapta ya kawaida itamemeta au itazima. Rahisi zaidi ni kidhibiti kidogo kinachokaa kati ya adapta na stripu, chenye ampea za kutosha: stripu ya wati 14.4 kwa mita, mita 5, volti 12, ni wati 72, sawa na ampea 6, kwa hiyo kidhibiti cha ampea 8 au zaidi.

Dukani, nenda na balbu yako mfukoni. Maduka mengi yana soketi ya kupimia taa pale kaunta. Omba dima na balbu viunganishwe pamoja, ukiwa na nyingi weka angalau mbili, kisha ishushe hadi chini usikilize kwa karibu. Muuzaji asipokubali kupima, mwambie aandike kwenye risiti kwamba dima itapokelewa ikivuma au ikicheza na balbu ya aina hiyo, aitaje kwa jina na wati.